Mzazi Ukilemewa: Jinsi ya Kuomba Msaada Mtandaoni na Kuupata

Nasimamia kundi la WhatsApp la wazazi hapa Arusha. Kila wiki, mara nyingi baada ya saa tano usiku, huingia ujumbe wa namna hii: "Jamani nimechoka. Naombeni msaada." Chini yake hufuata mikono ya maombi kumi na kitu, "pole mamii" tatu nne, mtu mmoja anayetangaza virutubisho vya watoto, kisha kimya. Asubuhi naukuta ujumbe umefutwa.

Siku moja nilimpigia aliyeandika. Mtoto wake alikuwa wa wiki sita na halali. Mume alikuwa mlimani Kilimanjaro na wagumu wenzake, yaani wapagazi wa watalii, njia ya Machame, siku ya tano, simu haipatikani. Yeye mwenyewe alikuwa hajala tangu asubuhi. Ndani ya kundi lile walikuwemo kina mama watatu wa mtaa wake. Wangempelekea chakula usiku uleule, lakini hakuna aliyejua kwamba kilichotakiwa ni chakula.

Nimeandika hatua hizi kwa sababu jambo hilo limejirudia mno, na linaniuma. Zisome sasa, ukiwa umetulia. Ikiwa tayari uko kwenye shida, anza na Hatua ya 1 na usiiruke.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu. Utaandika kwenye karatasi kabla ya kugusa simu. Sababu iko kwenye Hatua ya 2.
- Simu yenye chaji na bando la kutosha. Angalia bando linaisha saa ngapi. Wapo waliokatikiwa katikati ya mazungumzo, na wenzao wakadhani wamesusa.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, kama jambo linahusu afya. Kadi ni ya kusoma wewe, usiipige picha.
- Namba nne kwenye karatasi, ubandike nyuma ya mlango. 112 ni ya dharura na polisi. 116 ni simu ya mtoto, ya bure. 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya, nayo ya bure. Ya nne ni ya bodaboda au jirani mwenye gari anayepokea simu usiku. Karatasi haiishi chaji.
- Nusu saa isiyo na kelele. Kwa mwenye mtoto mchanga najua hiyo ni mali adimu. Ukipata dakika kumi mara tatu, zinatosha.

## Hatua ya 1: Uliza kama jambo linaweza kusubiri majibu

Mtandao hujibu kwa kuchelewa. Hata kundi lenye watu mia mbili, usiku wanaoangalia simu ni wachache, na anayejibu haraka si lazima awe anayejua. Kwa hiyo kwanza tenga yale yasiyosubiri.

Mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachomeza, akipata degedege, au akilegea asizinduke vizuri, ondoka nyumbani sasa hivi. Wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi naye ni wa hospitali usiku huohuo. Anayekohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi ya kasi ni 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Moshi kuna Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Kituo cha afya kikiwa karibu zaidi, anzia hapo.

Wewe mzazi. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Ukihisi mikono inataka kumtikisa mtoto ili anyamaze, mlaze chali mahali salama pasipo mito, funga mlango, ukakae barazani dakika tano hadi kumi. Kulia hakumuui mtoto, kutikiswa kunaweza. Ujue pia kwamba kilio cha watoto wachanga huongezeka hadi kufikia wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Anayelia sana wakati huo hajalogwa, na wewe si mama mbaya.

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hiyo ni dharura sawa na kuvuja damu. Mwamshe mtu, nenda hospitali. Usiandike kundini ukaanza kusubiri.

Huzuni na machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, mwambie muuguzi wa kliniki ileile unayompeleka mtoto kupimwa uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Katika foleni ya kliniki yenye mabenchi manne, hauko peke yako.

Ukatili. Ikiwa kinachokulemea ni kipigo nyumbani, au mtoto amefanyiwa jambo baya, kundi si mahali pake. Aliyefanya anaweza kuwamo, au ndugu yake, na ushahidi huharibika watu wakianza kupigiana simu. Piga 116, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa uhakika, "Hili linaweza kusubiri hadi kesho mchana." Ukisitasita, lichukulie kuwa haliwezi.

## Hatua ya 2: Mwaga yote kwenye daftari, kisha chagua kitu kimoja

Andika kila kinachokukaba, bila mpangilio, bila kujali lugha. Ada ya muhula. Mama mkwe. Mtoto anakojoa kitandani tena. Kodi ya Kijenge imepanda. Mume hajatuma hela tangu Aprili kwa sababu watalii hakuna. Ijaze kurasa mbili ukitaka.

Sababu ya kutumia karatasi ni kwamba karatasi haina kitufe cha kutuma. Hasira ya saa sita usiku ikishaingia kundini, hata ukiifuta, kuna aliyekwisha kupiga skrinishoti.

Ukimaliza, soma ulichoandika, na pembeni ya kila jambo andika neno moja kati ya haya manne:

- Sikio: nataka mtu anisikilize, sitaki ushauri.
- Ujuzi: nataka kujua la kufanya kutoka kwa aliyepitia.
- Mkono: nataka mtu aje, abebe, apike, ashike mtoto.
- Fedha: nina pengo la pesa.

Kisha chagua moja tu la kuomba leo. Ombi lenye mambo matano hujibiwa lile jepesi, na jepesi ni pole. Mama niliyemtaja mwanzoni alihitaji mkono, sahani ya chakula na saa mbili za usingizi. Aliomba kwa maneno ya mtu anayehitaji sikio, naye akapewa pole, kama alivyoomba.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja inayoanza na "Leo nahitaji..." na mtu wa darasa la tatu akiisoma anaelewa cha kufanya.

## Hatua ya 3: Chagua mahali panapolingana na ombi

Simu ya mzazi wa kawaida ina makundi mengi, na kila moja lina kazi yake.

Kundi la wazazi wa darasa linafaa kwa mambo ya darasa: kazi ya nyumbani, sare, saa ya basi la shule. Usimwage huko shida za ndoa wala matokeo mabaya ya mtoto. Mwalimu yumo, na wazazi wengine husomea simu zao mbele ya watoto. Unachokiandika usiku, mwanao atakisikia mapumziko ya saa nne.

Kundi la ukoo ni zuri kwa mkono na fedha, hasa huku kwetu ambako Desemba wote tunarudi Marangu, Rombo, Machame au Meru na tunafahamiana mpaka mgomba wa nani unapakana na wa nani. Kwa siri ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kueleza jambo la ndani, mpigie shangazi mmoja anayejua kunyamaza.

Kundi la jumuiya, kanisa au msikiti, na la VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopeshana) ndilo ninalolipendekeza kwa mkono. Watu wake wanakutana ana kwa ana kila wiki, hivyo ahadi ya mtandaoni ina mtu wa kuidai. VICOBA vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya shida. Waulize mwenyekiti na mtunza hazina faragha kabla ya kwenda kwenye mkopo wa aina yoyote.

Makundi makubwa ya wazazi ya Facebook, Telegram au WhatsApp yanafaa kwa ujuzi. Ukiwa na mtoto anayechelewa kusema, mwenye kifafa, mwenye usonji au mwenye mguu kifundo, utapata huko mzazi aliyekwisha pita njia hiyo, ambaye mtaani kwenu huenda hayupo. Lakini kabla hujaandika neno, kaa kimya siku mbili ukisoma. Tafuta ujumbe wa mtu aliyeomba msaada mwezi uliopita, uangalie alijibiwaje. Alichekwa? Admini aliingilia kati? Walimwelekeza kliniki au walimuuzia chupa? Kundi litakalokutendea wewe tofauti na lilivyomtendea yule halipo.

Mtu mmoja au wawili kwenye mazungumzo binafsi ndiyo mahali pa sikio. Sijaona kundi la watu mia linaloweza kusikiliza. Kusikiliza ni kazi ya mtu mmoja.

> Tahadhari: Facebook inaruhusu kuandika bila jina ndani ya makundi, na wengi huamini hakuna anayewajua. Wanachama wenzako hawalioni jina, lakini wasimamizi wa kundi wanaweza kuliona. Usiandike hapo jambo ambalo hutaki admini alijue.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja kwa jina angalau watu wawili walio mahali hapo ambao ungefurahi kujibiwa nao.

## Hatua ya 4: Mfunike mtoto, kisha jifunike wewe

Hii ni fupi, ifanye bila mjadala.

Ondoa jina la mtoto, shule, mtaa na sura yake. Arusha ni mji mdogo na Moshi ni mdogo zaidi. Ukiandika "mama wa mapacha wa darasa la pili, Sekei", umeshataja jina. Andika "mtoto wa miaka minane".

Picha ya upele au kidonda ipigwe karibu, pasionekane uso, sare wala chumba. Mtoto wa kike au wa kiume, sehemu za siri hazipigwi picha kwa ajili ya kundi lolote, hata la "madaktari". Kadi ya kliniki ina majina na namba za simu, isomwe na kuandikwa tu yanayohitajika.

Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, faragha, kisha makundi, uchague watu walio kwenye orodha yako pekee ndio waweze kukuingiza kundini. Hapohapo ficha picha yako ya wasifu kwa usiowajua. Weka ujumbe unaotoweka baada ya saa 24 au siku 7 kwenye mazungumzo binafsi yenye siri, ukijua kwamba skrinishoti haitoweki.

Utajua umefaulu ukiwaza mwanao akiwa na miaka kumi na tano ameusoma ujumbe huo, na moyo wako haushtuki.

## Hatua ya 5: Andika ujumbe unaojibika

Sasa shika simu. Ujumbe mzuri wa kuomba una sehemu sita, na haupiti mistari minane: umri wa mtoto, kinachotokea, tangu lini, ulichokwisha jaribu, unachotaka, na usichotaka. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayokukinga na maneno yasiyokusaidia.

Linganisha.

Wa kwanza: *"Wapendwa huyu mtoto ataniua. Halali kabisa. Nisaidieni jamani."*

Wa pili: *"Habari za jioni wazazi wenzangu. Nina mtoto wa miezi mitano, anaamka kila saa usiku kwa wiki mbili sasa. Kliniki wamempima, hana homa, uzito unaongezeka. Nimejaribu kumwogesha jioni na kumlaza mapema. Naomba kusikia kutoka kwa aliyepitia hili: mlifanya nini usiku? Dawa za kulaza mtoto siziulizii, asanteni."*

Wa kwanza unaomba pole. Wa pili unamfanya mama aliyelala kwa saa tatu tu tangu jana akae kitako na kuandika alichofanya, kwa sababu ameulizwa kitu anachokijua.

Kwa mkono, taja siku, saa na kazi: *"Kesho Jumatano nampeleka mdogo Mawenzi saa mbili asubuhi. Naomba mtu wa Pasua au Majengo anishikie mkubwa wa miaka mitatu hadi saa saba. Chakula chake nitaleta."* Ombi lenye mwanzo na mwisho halimtishi mtu. "Naomba mnisaidie na watoto" linamtisha, kwa sababu hajui litaisha lini.

Kwa sikio, andika kwa mtu mmoja, na umwombe ruhusa kwanza: *"Dada, una dakika ishirini leo usiku? Nina jambo nataka kulitoa moyoni, sihitaji ushauri, nataka tu unisikie."* Watu hutoa ushauri mbaya kwa sababu wanadhani ndicho wanachodaiwa. Ukimwondolea deni hilo, atakusikiliza vizuri ajabu.

Kwa fedha, kiasi kamili, matumizi, tarehe ya mwisho, na kama ni mchango au mkopo. Ukiweza, omba mchango uende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule au hospitali. Hilo linakulinda wewe kuliko linavyowalinda wao, kwa sababu mwezi ujao hakuna atakayesema ulikula hela.

Mambo mawili madogo yanayoharibu ujumbe mzuri. La kwanza ni sauti ndefu. Rekodi ya dakika nne haisikilizwi kwenye daladala wala kwenye foleni ya soko la Kilombero. Kama huwezi kuandika, rekodi isizidi dakika moja. La pili ni saa. Ombi la saa kumi na mbili asubuhi hupotea chini ya habari za asubuhi na mistari ya maandiko, na la wakati wa mechi ya Simba na Yanga halina msomaji. Kundini kwetu saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu usiku ndiyo saa ya majibu, watoto wakiwa wamelala na watu wameshika simu.

### Kina baba, hapa ni kwenu

Nimeona madereva wa watalii na wagumu wakikaa nyumbani Aprili na Mei bila kazi, ada ya watoto ikiwa nusu, na katika makundi yao wakitumiana vichekesho mpaka usiku wa manane. Baba huona aibu kuandika "nahitaji". Basi usianze na neno hilo. Anza na swali la kazi: *"Wakuu, nani mwingine ana mtoto sekondari na muhula huu imembana? Mmeongeaje na shule?"* Nilionyeshwa kundi moja ambako swali kama hilo liliwafanya wanaume sita waliokuwa kimya wiki nzima waandike kwa pamoja. Wawili kati yao walikwenda shuleni, wakaandikishiana na mhasibu kulipa kwa awamu.

Utajua umefaulu ukipata swali la kuendeleza: "Anaamka saa ngapi hasa?" au "Unakaa upande gani?" Anayeuliza amekusudia kusaidia. Emoji peke yake haijawa jibu.

## Hatua ya 6: Chuja majibu kabla ya kuyatumia

Tuma ujumbe, kisha weka simu chini kwa saa moja. Ukikodoa macho kwenye skrini utalijibu kila neno kwa moyo uliojeruhiwa, na atakayekukera atakutawala.

Ukirudi, pitisha kila ushauri kwenye maswali matatu. Amejuaje: kwa kupitia mwenyewe, kwa taaluma, au "nasikia"? Anauza kitu? Na akiwa amekosea, mtoto ataumia?

Swali la tatu ndilo lililonifanya nifute ushauri wa watu ninaowaheshimu. Haya yanarudi kila mwaka kwenye makundi ya huku, na yote yaache:

- Jiko la mkaa chumbani kwa mtoto kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Mvalishe mtoto nguo za tabaka, lala naye chumba kimoja, jiko libaki nje.
- Maji, uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi 6 ili "ashibe alale". Hadi miezi 6 maziwa ya mama yanatosha. Kama hayatoki vizuri, hilo ni swali la kliniki.
- Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, hata kidogo, hata kwa kikohozi. Inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto.
- Kipimo cha dawa kwa njia ya kundi. Dozi ya mtoto inategemea uzito, na anayekutajia hajampima wako. Muulize mfamasia au muuguzi, ukiwa umeshika chupa yenyewe.

Maneno ya kuumiza yatakuwepo. "Sisi tulilea saba bila kulalamika." Usijibu. Mwandikie admini pembeni, mwombe aliondoe, na ukiona admini mwenyewe ndiye aliyelisema, toka kimya kimya. Kutoka hakuhitaji hotuba.

### Wanaokuja inboksi

Ombi lolote la hadharani huita watu wa pembeni, na hapa naomba uwe mkali. Mzazi aliyelemewa ni windo rahisi, matapeli wanalijua hilo.

Atakuja anayejiita daktari na kukuambia ulipie kwanza "usajili". Atakuja mwenye dawa ya asili inayotibu degedege, usonji na ndoa kwa pamoja. Atakuja mtu wa "ile hela itume kwenye namba hii", akijifanya mwalimu wa shule ya mwanao. Mpigie mwalimu kwa namba unayoijua wewe, si aliyotumia yeye. Namba yako ya siri ya pesa haiombwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Ujumbe wa kitapeli uripoti kwa kuutuma kwenda 15040, na ubonyeze \*106\# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mikopo ya haraka ya programu za simu ndiyo inayoniogopesha zaidi, kwa sababu huja Januari, wiki ya ada. Baadhi huchukua orodha yako yote ya namba, na ukichelewa siku moja wanawatumia ndugu, bosi na mwalimu ujumbe wa kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua, ulizia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma namba zako zote, ifute hapohapo. Nenda shuleni ukaombe kulipa kwa awamu kabla hujaigusa.

Utajua umefaulu ukibakiwa na jambo moja au mawili unayoweza kuyajaribu kesho, na hujatuma shilingi kwa mtu usiyemjua.

## Hatua ya 7: Litoe kwenye skrini lifike mlangoni

Msaada wa mtandaoni unaoishia mtandaoni hupoa haraka. Ukipata aliyekujibu vizuri, mwandikie pembeni ndani ya siku mbili: *"Mama, maneno yako yalinisaidia sana. Uko upande gani? Mimi Alhamisi huwa kliniki asubuhi."* Usimwalike nyumbani mara ya kwanza. Kutaneni kliniki, kanisani, sokoni au getini shuleni, mchana, na umwambie mtu uliko.

Kama mko mbali, yeye yuko Mwanza na wewe Usa River, kubalianeni siku na saa ya simu. Jumapili saa kumi, dakika ishirini. Miadi iliyopangwa haiombi ruhusa kila wiki, na siku ukiwa hoi kabisa simu inalia yenyewe.

Kina mama watatu wa kundi letu walianza hivyo. Sasa wana zamu: kila mmoja anawashika watoto wote Jumamosi moja, na wawili wanalala. Kundi lao lina watu watatu tu, na halijawahi kuwa na ujumbe uliofutwa.

Utajua umefaulu ukiwa na mtu mmoja unayeweza kumpigia bila kuanza na "samahani kwa usumbufu".

## Hatua ya 8: Rudisha jibu

Baada ya wiki moja rudi palepale ulipoomba, uandike kilichotokea, hata kama hakikufanya kazi. *"Wazazi wenzangu, niliwaomba ushauri juu ya usingizi. Nilifuata la kupunguza mwanga na kumnyonyesha kabla sijalala mimi. Sasa anaamka mara tatu badala ya saba. La kumlaza saa kumi na mbili halikunisaidia. Asanteni."*

Aliyekushauri atajua kama alichosema kina maana, na mara ijayo hatasita. Halafu kuna yule anayesoma bila kuandika, mwenye mtoto wa miezi mitano kama wako, anayeona aibu kuuliza. Kundini kwetu nimezihifadhi jumbe za mrejesho juu kabisa, zilizobanwa, ili anayeingia saa nane usiku azikute kabla hajaandika "nimechoka".

Kama wewe ni admini, fanya hivyo leo. Na ukiona ujumbe wa maneno matatu umeingia usiku, usiongeze mkono wa maombi. Mwandikie pembeni: "Nipo. Unahitaji sikio, ujuzi, mkono au fedha?" Kisha kaa hapo mpaka ajibu.